Springi Tatu za Edgar Villchur

Mashine za kwanza za santuri za Emile Berliner zilizungushwa kwa mkono. Mkono ukichoka, sauti ya mwimbaji inashuka; ukiharakisha, inapanda. Mwaka 1896, Eldridge Johnson, fundi wa mitambo wa Camden, New Jersey, alitengeneza mota ya springi ya kutia ufunguo, na ndani yake mlikuwa na kifaa kidogo cha kupendeza: vizito vilivyoshikwa na vibati vyembamba. Mwendo ukizidi, vizito hutanuka na kukivuta kisahani kilicho kando yao, nacho kikajisugua kwenye kipande cha ngozi na kupunguza kasi. Msikilizaji alikuwa na kitasa cha kurekebisha mwendo, na alikihitaji, kwa kuwa santuri za zamani hazikurekodiwa zote kwa kasi moja. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, aliporekodi Bombay mwaka 1928, nyimbo zake zilirudi Unguja kwa wasikilizaji waliozicheza kwenye mashine za namna hiyo.

Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ilitoa santuri ndefu ya mizunguko 33⅓ kwa dakika. Mifereji yake ilikuwa myembamba mno, na sindano iliyoweza kusoma kitu kidogo kiasi hicho ilisoma pia mtetemo wa mota na vishindo vya miguu sakafuni.

Wengi waliamini dawa ni kuongeza uzito wa mashine. Edgar Villchur wa kampuni ya Acoustic Research, Massachusetts, alifikiri vingine. Sindano hutoa sauti pale tu mfereji unapocheza tofauti na mkono unaoishika. Basi, sahani (ile inayobeba santuri) na mkono vikitikisika pamoja, sindano haina la kusema. Katika mashine yake ya mwaka 1961 alivifunga vyote viwili kwenye fremu moja, akaining'iniza kwa springi tatu laini. Mota aliiacha nje ya fremu, ikiivuta sahani kwa mkanda wa mpira ambao ulimeza mtetemo wake. Ilisifika kwamba unaweza kuigonga kwa nyundo na wimbo usikatike. Bei ilikuwa chini ya dola 70, na kwangu huo ndio ushindi wake mkubwa: dawa bora haikuwa ya matajiri peke yao.

Kampuni za Thorens ya Uswisi na Linn ya Glasgow zilifuata njia hiyohiyo, na ukazuka ufundi wa kurekebisha springi. Fundi huweka santuri kama kawaida, huibonyeza sahani kidogo katikati na kuiachia. Inatakiwa ipande na kushuka wima. Ikiyumba upande, hugeuza nati ya springi moja, robo mzunguko tu, na kujaribu tena.

Kasi ina mtego wake. Mota nyingi za enzi hiyo hufuata mapigo ya umeme wa gridi: 60 kwa sekunde Marekani, 50 kwetu Afrika Mashariki. Mashine iliyoletwa kutoka kule, hata ukiiwekea transfoma ya volti, itazunguka pungufu kwa sehemu moja ya sita, na taarabu itageuka maombolezo. Ukiletewa moja, soma kwanza kibandiko cha mota, kisha itafutie puli ya Hz 50 kabla hujagusa springi hata moja.