Hadhira Inapokuwa Hadhara: Historia ya Ruhusa ya Kuonyesha Filamu katika Vyuo vya Marekani

Sisi tunaosoma fasihi simulizi tumefundishwa tangu mwaka wa kwanza kwamba utendaji una fanani, una hadhira, una mahali na wakati wake. Sasa ukifungua Sheria ya Hakimiliki ya Marekani ya 1976, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1978, unakutana na utendaji wa namna nyingine kabisa. Kwa mujibu wa kifungu cha 101, kuonyesha picha za filamu kwa mfuatano wowote, au kuifanya sauti yake isikike, ni kuitenda filamu. Yaani yule kijana aliyebonyeza kitufe cha mashine ya video kisha akaenda zake kununua soda, yeye ndiye mtendaji! Hakuimba, hakuigiza, hata mdomo hakufungua. Akina Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, waliosimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili katika mabanda ya video ya Tanzania, ni mafanani hasa kwa kipimo chetu. Kwa kipimo cha kifungu hicho, Lufufu na mbonyeza kitufe wako sawa.

Nalianza jambo hili huku kwenye istilahi kwa makusudi. Wahakiki wa filamu tunaandika sana juu ya fani na maudhui, lakini ni mara chache tunauliza nani aliwaruhusu watazamaji wakae pamoja mbele ya filamu hiyo. Katika vyuo vya Marekani swali hilo lina historia ndefu. Nadhani historia hiyo inaonyesha kwamba sheria iligawa kutazama mafungu mawili, kujifunza na kujiburudisha, na mgawanyo huo ukavibana hasa vikundi vya wanafunzi, ambavyo ndivyo vilivyokuwa shule ya uhakiki kabla ya idara za filamu kuenea.

Hapo mwanzo mambo yalikuwa ndani ya kasha la bati. Kampuni ya Kodak ilitoa filamu ya milimita 16 mwaka 1923. Ilikuwa nyembamba, nyepesi, haishiki moto ovyo kama ile ya milimita 35 ya wakati huo, na projekta yake iliweza kubebwa hadi darasani. Lakini filamu zenyewe zingetoka wapi? Mwaka 1935 Jumba la Makumbusho ya Sanaa za Kisasa la New York lilianzisha maktaba ya filamu, John Abbott akiwa mkurugenzi na Iris Barry, Mwingereza aliyekuwa mhakiki wa filamu magazetini, akiwa mtunzaji. Wawili hao walifunga safari mwaka huohuo hadi Hollywood kuwabembeleza wenye filamu. Walichopata kilikuwa na mipaka: nakala zingetunzwa na kuzungushwa vyuoni na kwenye makumbusho, ila kwa elimu tu, pasipo biashara. Hapa ndipo naiona mbegu ya yote yaliyofuata. Ruhusa ya kwanza kubwa ya vyuo ilitolewa kwa sharti kwamba wanaotazama wanasoma.

Vikundi vya wanafunzi havikusubiri makumbusho peke yake. Doc Films cha Chuo Kikuu cha Chicago kinahesabu asili yake tangu 1932. Wasambazaji nao walijitokeza: Swank wa St. Louis mwaka 1937, na Janus, iliyoundwa 1956 na Bryant Haliday na Cyrus Harvey, watu wa jumba la sinema la Brattle lililo jirani na Chuo Kikuu cha Harvard. Kwa mkono wa Janus, Bergman akawa jina la kawaida mabwenini.

Utaratibu wa kukodi ulikuwa hivi. Kikundi kilichagua filamu kwenye katalogi, kikalipa ada maalumu au sehemu ya mapato ya tiketi, kasha likaja kwa posta, filamu ikaonyeshwa, kasha likarudi. Mara nyingi mkataba ulikataza kutangaza onyesho nje ya chuo, maana wenye majumba ya sinema mjini wangenung'unika. Jambo la kuzingatia ni kwamba kitu na haki vilisafiri pamoja. Filamu haikuuzwa, ilikodishwa, na aliyekodi kasha alikuwa amekodi na ruhusa ya kuonyesha. Basi wanafunzi wakabaki na kazi nyingine: kubishana ipi ioneshwe, kuandika karatasi ya maelezo ya kugawa mlangoni, na kugombana baada ya taa kuwashwa. Uhakiki ulikuwa hapohapo.

Kanda ya video ndiyo iliyotenganisha kitu na haki. Mwaka 1977 Andre Blay wa Michigan alipata leseni ya filamu 50 za kampuni ya Fox akaanza kuziuza kwa watu wa kawaida. Ghafla filamu ikawa kitu cha kununua dukani, ukaiweka rafuni kando ya riwaya. Na riwaya zilikwisha kuwa na kesi yao: mwaka 1908 Mahakama Kuu ya Marekani, katika shauri lililohusu riwaya iliyouzwa rejareja kwa bei ya chini, iliamua kwamba aliyekwisha kuuza nakala hana tena uwezo wa kumpangia mnunuzi bei ya kuiuza. Mnunuzi wa kanda naye anaweza kuiuza, kuiazima, hata kuikodisha. Kuitenda hadharani, hapana. Pesa yako, kanda yako, rafu yako, lakini ukiwasha mbele ya watu mia unaambiwa umevuka mpaka.

Hadhara ni nini basi? Sheria ya 1976 inataja mahali palipo wazi kwa umma, au popote walipokusanyika watu wengi kiasi nje ya mzunguko wa kawaida wa familia na marafiki zake. Mwaka 1984 mahakama ya rufaa iliamua kesi ya duka la video la mji wa Erie, Pennsylvania, lililokuwa na vijichumba vya watu wawili hadi wanne. Wateja walijifungia humo, kanda ikachezwa na mhudumu toka mbele. Wenye duka walidai watu wawili nyuma ya mlango si hadhara. Mahakama ikasema tazameni duka zima, duka liko wazi kwa kila mtu. Miaka miwili baadaye, katika kesi nyingine, wateja walikuwa wakiwasha mashine wenyewe, na bado ikaamuliwa kuwa ni hadhara. Lakini mwaka 1989 mahakama nyingine ikasema wageni wa hoteli wanaotazama diski za kukodi chumbani mwao hawako hadharani. Kwa mwanafunzi tafsiri iliyoenea vyuoni ni kwamba chumba chako cha bweni ni nyumbani, sebule ya bweni ni hadhara. Hatua kumi za korido, basi.

Na adhabu si mchezo. Mwenye haki anaweza kudai fidia ya dola 750 hadi 30,000 kwa kila kazi, na hadi 150,000 ikithibitika kwamba ulikusudia.

Darasa limepewa msamaha, katika kifungu cha 110. Mwalimu wa chuo kisicho cha biashara anaweza kuonyesha filamu bila kuomba, mradi afundishe ana kwa ana, iwe mahali pa mafunzo, na nakala iwe halali. Hilo ni jema. Tatizo liko katika ripoti ya Bunge iliyoambatana na muswada. Inasema msamaha hauligusi onyesho linalofanywa kwa ajili ya burudani ya sehemu yoyote ya hadhira, hata liwe na thamani gani ya utamaduni au ya akili. Kwa hiyo filamu ileile, ukumbi uleule: saa nane mchana pamoja na mwalimu ni elimu, saa moja usiku pamoja na kikundi cha wanafunzi ni burudani. Eti hakuna aliyejifunza usiku! Na mchana, jamani, hakuna aliyecheka?

La kushangaza zaidi kwa mtu wa fasihi ni hili. Kifungu hichohicho kinaruhusu kughani shairi lenye hakimiliki mbele ya hadhira bila ruhusa, endapo hakuna faida ya biashara, waghani hawalipwi na hakuna kiingilio. Hadithi fupi vilevile. Tamthilia na filamu zimeachwa nje. Mshairi wa Marekani hakuulizwa kama naye anahitaji kula.

Nasema hivyo kwa sababu sitetei bure kwa kila kitu. Chukua *These Hands* ya Flora M'mbugu-Schelling, ya mwaka 1992, inayowatazama wanawake wanaoponda kokoto pembeni mwa Dar es Salaam. Ilisambazwa Marekani na California Newsreel, shirika lililoundwa 1968. Wasambazaji wa namna hiyo walikuwa na bei mbili, ya nyumbani na ya taasisi, na ile ya taasisi ilikuwa kubwa mara kadhaa, aghalabu haki ya kuonyesha ikiwa ndani. Bila bei hiyo filamu kama hii isingevuka bahari. Ada naikubali. Nisichokikubali ni fasili ya hadhira iliyofungwa nyuma ya ada hiyo. (Tanzania nayo ilitunga Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza mwaka huohuo wa 1976, huko ruhusa iliyoogopwa ilikuwa ya serikali na bodi yake ya ukaguzi, si ya mwenye filamu.)

Kisha likaja suala la mtandao. Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kilishtakiwa Desemba 2010 kwa kuwarushia wanafunzi wake video kupitia kompyuta, zikiwemo tamthilia za Shakespeare zilizotengenezwa na BBC. Mwaka 2011 mahakama ilitupa madai hayo, na moja ya sababu ni kwamba chuo kilikuwa kimenunua diski pamoja na haki ya kuonyesha hadharani. Kesi ikafungwa kabisa mwaka 2012. Kitu na haki vikawa vimerudi kukaa pamoja, safari hii ndani ya mkataba wa maktaba. Huduma kama Kanopy, iliyoanzia Australia mwaka 2008, ziliingia vyuoni kwa njia hiyo. Ila sasa gharama hupanda kadiri watu wanavyotazama, na mwaka 2019 maktaba ya umma ya New York ilijitoa kwa sababu ya gharama hizo.

Filamu nyingi za kampuni kubwa bado haziko katika mikataba hiyo. Kikundi kinachotaka kuonyesha mojawapo Ijumaa jioni kinamwandikia msambazaji wiki kadhaa kabla, kikitaja ukumbi, idadi ya watu wanaotarajiwa, na kama kutakuwa na kiingilio.