Habari za Kuimba Pamoja katika Misioni Zetu

Katika kitabu hiki cha jubilei wengine wamepewa kuandika habari za maaskofu, na wengine habari za makanisa yaliyojengwa kwa mawe na chokaa. Sisi walimu wa dini tumepewa habari ya kitu kisichoshikika kwa mkono, yaani kuimba. Labda msomaji atauliza, Je, kuimba nako kuna historia? Iko, tena ni ndefu, nayo imepita katika nchi nyingi kabla ya kufika kwetu.

Na tuanze Unguja. Mwaka 1864 Askofu Tozer alifika huko pamoja na Daktari Steere, na baada ya muda mfupi Sultani Majid akawapa watoto watano wanaume waliokamatwa katika chombo cha watumwa. Hao ndio walikuwa shule nzima. Msomaji awatazame vema watoto hao. Kwa desturi za watu wetu, mtoto hajui nafasi yake duniani kwa kuambiwa tu. Huijua kwa kuwekwa. Katika ngoma ya kijiji husimamishwa nyuma ya kaka zake, hupiga makofi pale wanapopiga wao, huitikia pale wanapoitikia, na siku moja husikia kwamba amekwisha kujua wala hakumbuki alifundishwa na nani. Mtoto aliyeuzwa amenyang'anywa mahali pa kusimama. Hana wa mbele yake wala wa nyuma yake. Jina alilonalo pengine amepewa njiani.

Tena watoto waliofuata hao watano walikuwa wa kabila mbalimbali, Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo, wala hawakuelewana. Kiswahili kilikuwa lugha ya ugeni kwao wote. Basi sisi tuliofundisha watoto miaka mingi twajua jambo moja: mtoto anayejifunza lugha huona haya kunena peke yake, kwa maana akikosea wenziwe humcheka. Lakini katika kuimba asiyejua neno hujificha katika sauti ya jirani yake. Hulishika nusu leo, na nusu kesho, na juma lijalo yeye ndiye anayemfichia mwingine. Daktari Steere, ambaye alitoa kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1870, na baadaye akawa Askofu hata alipofariki mwaka 1882, alifanya kazi kubwa ya kutafsiri sala, Zaburi na nyimbo. Watu humsifu kwa ajili ya elimu yake ya lugha, na ni haki. Sisi twamsifu zaidi kwa kuwa maneno yale yalitiwa vinywani mwa watu waliokusanyika pamoja, wakayasema kwa pumzi moja.

Mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja lilifungwa, na siku ya Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi la kanisa kuu liliwekwa Mkunazini, mahali palepale palipokuwa na soko. Mwaka 1876 Steere alitoka na kundi la watu waliowekwa huru, akawapeleka bara hata Masasi. Hawakuwa ukoo mmoja, wala hawakuwa na mzee mmoja wa kuwaunganisha. Walichokuwa nacho wote sawasawa ni Kiswahili, na sala, na nyimbo walizojifunza pwani. Na Wamisionari wa Kikatoliki vivyo hivyo: walikuwa wamefungua misioni yao Bagamoyo mwaka 1868, na Stanley alipopita hapo mwaka 1871, akienda kumtafuta Livingstone, alistaajabu kusikia watoto wa misioni wakipiga tarumbeta za shaba kwa ulinganifu, tena muziki wa Kifaransa.

Sasa na tuvuke bahari, maana chombo kilichotumika sana katika shule zetu kilitengenezwa mbali. Katika mji wa Norwich, Uingereza, alikuwako bibi mmoja, jina lake Sarah Glover, aliyezaliwa mwaka 1786. Aliona kwamba watu maskini hawawezi kusoma noti za mistari mitano, kwa hiyo kanisani huwaachia wachache waimbe, nao hukaa kimya. Akachukua majina ya sauti ya zamani, yaliyotoka kwa mtawa Guido wa Arezzo karibu miaka 1000 iliyopita, akayarahisisha. Ile sauti ya saba, iliyokuwa ikiitwa si, akaiita te, ili kila sauti iwe na herufi yake ya mwanzo isiyofanana na nyingine. Mwaka 1835 alitoa kitabu chake. Kusudi lake lilikuwa kwamba kusanyiko lote liimbe.

Mwaka 1841 walimu wa shule za Jumapili walikutana mjini Hull, wakamwagiza mchungaji mmoja kijana, John Curwen, atafute njia iliyo nyepesi ya kufundisha watu kuimba. Jambo la kupendeza ni kwamba Curwen mwenyewe alikuwa akishindwa na noti. Aliposoma kitabu cha Bibi Glover, mambo yakamfungukia. Akakibadili hapa na pale, akakieneza kwa bidii hata kikajulikana kwa jina lake kuliko jina la yule bibi. Hivyo ndivyo ilivyo mara nyingi. Anayebeba mzigo sokoni hudhaniwa kuwa ndiye aliyelima.

Wazee wetu waliokipata chombo hiki shuleni walikiita do-re-mi tu. Kwa vijana wasiokiona, twakieleza kidogo. Sauti saba huandikwa kwa herufi d, r, m, f, s, l, t. Nukta mbili hutenga pigo na pigo. Nukta moja huligawa pigo nusu kwa nusu. Kistari huonyesha kwamba sauti inaendelea. Alama ndogo juu ya herufi humwambia mwimbaji apande, na chini yake ashuke. Hayo ndiyo yote, au karibu yote. Hakuna chapa ya pekee inayotakiwa; kila mahali penye herufi za kuchapa vitabu panaweza kuchapa nyimbo, na pasipo na herufi pana ubao na chaki, na pasipo na chaki pana mchanga na kijiti. Na do haikufungwa mahali pamoja. Mwalimu huipandisha au kuishusha kwa kadiri ya makoo ya watu aliokuwa nao siku ile. Mahali pasipo na kinanda, hiyo ni neema kubwa.

Katika Afrika ya Kusini chombo hiki kilipata mizizi. Nabii Ntsikana, wa kabila la Waxhosa, aliyefariki mwaka 1821, aliacha nyimbo ambazo watu walipokezana kwa midomo tu. John Knox Bokwe, aliyezaliwa karibu na Lovedale mwaka 1855, akaziandika kwa do-re-mi, naye akatunga nyingine zake mwenyewe, zikachapwa Lovedale. Kutoka Lovedale hiyohiyo William Koyi na wenzake walikuja Nyasa mwaka 1876 kusaidia misioni ya Livingstonia. Huko, katika nchi ya Wangoni, Waafrika walitunga nyimbo za Kanisa kwa sauti za Kingoni, na Mchungaji Donald Fraser akawatia moyo. Yatupasa kulikumbuka jambo hili, kwa kuwa watu hudhani ya kwamba kila kitu cha misioni kilitoka Ulaya moja kwa moja.

Lakini tusizifiche kasoro. Twapenda nyimbo za wazee wetu, bali baadhi yake ziliumiza lugha. Neno la Kiswahili hukazwa katika silabi ya pili kutoka mwisho: tunasema BWA-na, MU-ngu, wo-KO-vu. Tuni nyingi za Kiingereza huishia mstari kwa silabi yenye nguvu, kwa kuwa ndivyo maneno yao yalivyo. Maneno yetu yalipotiwa ndani ya tuni hizo, tukaimba Mu-NGU na Bwa-NA, na mgeni wa dini aliyesimama dirishani akauliza hawa wanasema nini. Kwa lugha nyingi za bara, kama Kiyao na Kibemba, hatari ilizidi, kwa maana humo sauti ikipanda au ikishuka neno hugeuka maana. Padre A. M. Jones, aliyekuwa Rhodesia ya Kaskazini, alilichunguza sana jambo hili na mapigo ya ngoma pia, akatoa kitabu kikubwa mwaka 1959. Hata alama za Curwen ni dhaifu hapo: mapigo matatu ya mkono huu na mawili ya mkono ule, kitu ambacho mtoto wa kijijini hukifanya bila kufikiri, ubaoni huwa fumbo.

Na hapo pana jambo zito kuliko silabi. Mara nyingi mtu aliyeingia katika kwaya ilimpasa kuiacha ngoma. Alipata ndugu wapya, akapotewa na wa zamani. Wamisionari wengine waliona hasara hiyo. Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa Masasi tangu 1926 hata 1944, hakulifuta jando; alilipa sura ya Kikristo, ili vijana wasikose mafundisho wala heshima ya kuhesabiwa watu wazima. Si wote waliokubaliana naye, na mabishano hayo bado husikika katika mabaraza ya wazee hata leo.

Hatuwezi kupita bila kuzitaja beni, ijapokuwa wazee wa Kanisa walizikemea. Zilianza Lamu na Mombasa katika miaka ya 1890, zikaenea mpaka Tanga, Dar es Salaam na bara, na askari wa vita vya 1914 hata 1918 wakazichukua mbali zaidi. Huku kwetu majina makubwa yalikuwa Marini na Arinoti. Walipiga tarumbeta na ngoma kubwa, wakajipa vyeo vya kifalme na vya kijeshi, wakashindana kwa mavazi na kwa karamu hata wengine wakaingia madeni. Ubaya huo ulikuwako. Lakini mgeni aliyefika mjini hana ndugu alipokelewa na watu wa chama chake cha beni. Akiugua walimtazama, akifa walimzika. Sisi twaona kwamba katika jambo hilo beni na kwaya zilikunywa kisima kimoja, kwa maana zote mbili zilimpa mtu mahali pa kusimama alipokuwa hana.

Turudi kusini, maana huko ndiko ulikotoka wimbo ambao kila mtoto wa Tanzania anaujua. Enoch Sontonga alikuwa mwalimu wa shule ya misioni ya Kimethodisti karibu na Johannesburg, tena mwalimu wa kwaya. Aliwatungia wanafunzi wake nyimbo, akaziandika kwa do-re-mi katika daftari. Mwaka 1897 alitunga Nkosi Sikelel' iAfrika, na mwaka 1899 ukaimbwa mbele ya watu katika ibada ya kumbariki mchungaji. Sontonga alifariki mwaka 1905, wala hakuwa mtu mashuhuri. Kwaya zikaupokea wimbo, zikauchukua mji kwa mji. Mwaka 1912 uliimbwa Bloemfontein, ulipoanzishwa ule mkutano uliokuja kuitwa African National Congress. Tanganyika ilipopata uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, tuni yake ikawa ya wimbo wa taifa, kwa maneno ya Kiswahili. Msomaji auangalie upya: ni wimbo wa kwaya ya shule. Ndiyo maana umati wa watu wasiopata kukutana waweza kuuimba bila mazoezi. (Wenzetu wa Kenya mwaka 1963 walishika njia nyingine, walichukua tuni ya Wapokomo ya kumbembeleza mtoto. Nasi twaipenda.)

Tangu hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliagiza muziki wa mataifa upewe heshima yake katika ibada, na mwaka huohuo Padre Stephen Mbunga akatoa kitabu juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Walutheri nao, kwa kazi ya Howard Olson, wakapata kitabu cha Tumshangilie Mungu, chenye tuni za Kiafrika. Ngoma iliyokuwa imeachwa nje ya mlango ikaingia.

Siku hizi kwaya zetu ni nyingi, tena zina vinanda vya umeme. Vijana hujifunza wimbo kwa kuusikiliza katika simu mara kumi, wakaushika. Hatuwalaumu, maana ndivyo walivyojifunza babu zao katika ngoma, kwa sikio. Ila anayeshika kwa sikio peke yake hushika kile tu alichosikia. Wimbo usioimbwa na mtu yeyote hauwezi kumfikia.

Kaburi la Sontonga lenyewe halikujulikana kwa miaka mingi, kwa sababu aliandikwa katika daftari ya makaburi kwa jina la Enoch tu. Lilipopatikana huko Braamfontein, serikali ililitangaza kuwa kumbukumbu ya taifa, tarehe 24 Septemba 1996.

Katika sanduku la sakristia, hata katika vituo vyetu vya nje, zimo daftari za walimu wa kwaya wa zamani. Herufi zile d, r, m zimeandikwa kwa wino uliofifia, sauti nne chini kwa chini, na mara nyingi jina la aliyetunga halimo. Mchwa wamekwisha kuanza pembeni. Wako wazee wawili watatu wa sauti ya nne wanaoweza kuzisoma bado na kuziimba papo hapo. Kila Jumapili hukaa karibu na kinanda. Anayetaka kujifunza na awaendee baada ya ibada, achukue na kalamu.