Nani aliituma seva yangu kuuliza majina?

Haya basi, ukisikiliza poti 53 kwa tcpdump kwenye seva ya Unix ya miaka mingi, unaweza kushangaa: kila mgeni akibisha hodi, seva inakimbilia DNS kuuliza jina la anwani yake. Hukuiagiza. Mimi hukutana na seva za namna hii kazini, na jibu nimelipata kwenye historia.

Mwaka 1983 Unix ya Berkeley, 4.2BSD, ilileta rlogin. Uliingia bila nywila iwapo jina la kompyuta yako limo kwenye faili ya .rhosts. Lakini mgeni huja na nambari ya IP tu, hivyo gethostbyaddr iliigeuza kuwa jina. Kazi rahisi: majina yote yalikuwa ndani ya /etc/hosts, papo hapo kwenye diski.

Mwaka huo huo Paul Mockapetris akachapisha DNS. Kufikia 4.3BSD, mwaka 1986, gethostbyaddr ile ile iliweza kuuliza mtandaoni. Programu hazikubadilika, aliyebadilika ni anayeulizwa. DNS ikilala, mgeni anangoja mlangoni. Isitoshe, mwenye anwani ndiye anayeiandikia jina, kwa hiyo anaweza kujiita apendavyo!

Apache iliacha kuuliza ovyo kuanzia toleo 1.3 (1998), OpenSSH kuanzia 6.8 (2015). Seva yako ikikawia kukufungulia, anza na HostnameLookups na UseDNS. Na uandike tcpdump -n, la sivyo nayo itauliza majina.