«Mine» ya Mwadui

Neno la Kiingereza «mine» ni mgodi, tena ni «yangu». Wanaisimu watapinga kuyahusisha, na wana haki: la kwanza lilitoka Kifaransa, la pili ni la Kiingereza chenyewe. Lakini huko Mwadui, Tanzania, sadfa hiyo ilipata mwili. Mwanajiolojia John Williamson aligundua almasi huko mwaka 1940 akaushikilia mgodi hadi kifo chake mwaka 1958. Warithi wakauuza, kampuni ya De Beers na serikali ya kikoloni wakagawana nusu kwa nusu. Kiswahili hakikubali mchanganyiko huo (ngeli hazina mzaha): husema mgodi wangu, almasi yangu. Jirani tu, Maganzo, mchimbaji mdogo anayetikisa chekeche la kokoto zilizooshwa hutamka «almasi yangu» tu.