Gati la Mtwara na Korosho za Newala

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Serikali ya Uingereza iliazimia kulima karanga katika Tanganyika, na Nachingwea ikawa mojawapo ya mahali palipochaguliwa. Ili shehena ipate njia, likaanzwa gati Mtwara, ambako ghuba ina kilindi, na reli ya kwenda bara. Mradi ukavunjika mwaka 1951. Gati likamalizika mwaka 1954, na karanga zilizoliita hazikuja. Reli nayo, ambayo tawi lake lilifika Masasi, ilifungwa mwaka 1962.

Gati halikufa. Wakulima wa Masasi na Newala walipanda mikorosho kwa jembe la mkono, na magunia yao ndiyo yaliyolipa kazi. Ni ajabu kwamba uwanda wa Makonde, ambako mwanamke aliteremka bonde zima kutafuta mtungi mmoja wa maji, ndio uliolisha bandari ya maji marefu. Lakini korosho nyingi zilipakiwa na maganda yake, zikaenda kubanguliwa Bara Hindi. Viwanda vilivyojengwa Masasi na Newala katika miaka ya 1970 na 1980 havikudumu. Ujira wa kubangua ukapanda meli pamoja na magunia.