Kitambi, Tezi na Mashine za Korea

Mwaka 1999 serikali ya Korea Kusini ilianzisha mpango wa taifa wa kuwapima raia saratani kabla hawajaugua. Saratani ya thairoidi, ile tezi iliyo mbele ya koo, haikuwamo katika mpango huo. Lakini aliyefika hospitali kupimwa tumbo au matiti aliambiwa kuwa akiongeza kiasi cha dola 30 hadi 50 atapimwa na shingo kwa ultrasaundi, na wengi hawakuona sababu ya kukataa. Kufikia 2011 kiwango cha wagonjwa wapya kilikuwa mara 15 ya kile cha 1993. Katika mwaka wa 2011 pekee watu zaidi ya 40,000 waliambiwa wana saratani ya thairoidi, nayo ikawa saratani inayoongoza nchini. Waliokufa kwa ugonjwa huo hawakufika 400, na idadi hiyo ilikuwa karibu ileile kwa miaka yote ya ongezeko. Hapo ndipo penye fumbo: wagonjwa wameongezeka mara 15, vifo havikutikisika.

Wapo wanaolifumbua fumbo hili kwa unene, na hoja yao hawakuitoa hewani. Mwaka 2016 wataalamu walioitwa na Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani, wenye makao yake Lyon, Ufaransa, waliiweka thairoidi kati ya saratani 13 ambazo ushahidi unatosha kuzihusisha na unene wa kupindukia. Njia zinazodhaniwa zinaeleweka: mwili wenye mafuta mengi huwa na insulini nyingi kwenye damu, huwa na uvimbe wa ndani wa muda mrefu, na mara nyingi homoni ya ubongo inayoichochea tezi hupanda kidogo. Dunia nzima imenenepa katika miongo ileile saratani hii ilipoongezeka, kwa hiyo kuunganisha mambo hayo mawili ni rahisi mno. Ila tukumbuke ukubwa wa uhusiano wenyewe. Makadirio ya wataalamu haohao ni kwamba hatari ya thairoidi hupanda kwa asilimia 10 hivi kwa kila pointi 5 za BMI (kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu), yaani karibu kilo 15 kwa mtu wa urefu wa mita 1.73. Kwa saratani ya ukuta wa mji wa mimba, wanawake wanene kupita kiasi wana hatari ya mara 7 hivi ya wenye uzito wa kawaida. Sasa tufanye hesabu ya sokoni: taifa zima likinenepa kilo 15 kila mtu, wagonjwa 100 wangekuwa 110. Korea ilitoka 100 ikafika 1,500, nayo ni miongoni mwa nchi tajiri zenye watu wembamba zaidi. Kitambi hakiwezi kubebeshwa mzigo huo.

Saratani hizo zilitoka wapi, basi? Hazikutoka popote, zilikuwamo. Mwaka 1985 watafiti wa Finland walichapisha matokeo ya kukata vipande vyembamba vya tezi za maiti 101, na zaidi ya theluthi moja zilikuwa na vijisaratani ambavyo wenyewe hawakuvijua. Ultrasaundi huona kitu cha milimita chache. Ukiipitisha kwenye shingo za mamilioni ya watu wazima, unavuna vilivyolala humo miaka mingi bila kumdhuru mtu. Mavuno hayo yana gharama yake. Karibu kila Mkorea aliyegunduliwa alifanyiwa upasuaji, na theluthi mbili walitolewa tezi yote, hivyo wakabaki na vidonge vya kumeza kila siku maisha yao yote. Wapatao 11 katika 100 walipata upungufu wa homoni inayolinda kalsiamu mwilini, na 2 katika 100 walipooza kano ya sauti. Ni bei kubwa kwa ugonjwa ambao wengi wao wangezeeka nao bila habari.

Mtu atauliza: huenda vifo havikupanda kwa sababu watu waliwahiwa? Ingekuwa hivyo, vifo vingeshuka. Visingebaki palepale, tena bila kujali idadi ya waliopasuliwa. Na historia ilileta jaribio ambalo hakuna mtafiti angeweza kulipanga. Mwezi Machi 2014 madaktari wanane wa Korea walijitokeza hadharani kuitaka nchi iache kuwapima shingo watu wasio na dalili, na vyombo vya habari vikalishika suala hilo. Katika mwaka mmoja hivi upasuaji ulipungua kwa zaidi ya theluthi, na wagonjwa wapya wakapungua vivyo hivyo. Uzito wa Wakorea haukubadilika katika mwaka huo. Kilichobadilika ni idadi ya waliolala chini ya mashine. Kobe, Japani, ilikuwa imeanza mapema zaidi: tangu 1993 madaktari wa Hospitali ya Kuma, kwa pendekezo la Akira Miyauchi, walianza kuvifuatilia vijisaratani vidogo bila kuvikata, na baada ya miaka 10 chini ya kimoja kati ya kumi ndivyo vilivyokua kwa kiasi cha kuhesabika.

Hoja nzito zaidi ya upande wa unene inatoka Marekani. Huko, kati ya 1994 na 2013, hata vifo vya saratani hii vilipanda kwa takriban asilimia 1 kwa mwaka, na uvimbe mkubwa uliongezeka pia. Mashine haiui mtu kwa saratani, wala haiwezi kukuza uvimbe. Kwa hiyo kuna kitu kingine, na katika nchi yenye wanene wengi namna ile ni haki kuutilia shaka unene. Nalikubali hilo bila kinyongo. Wengine husema wanene hugunduliwa zaidi kwa sababu tu huenda kwa daktari mara nyingi, lakini shingo nene pia huficha uvimbe usiguswe kwa vidole, na sina hakika ipi inashinda. Hata hivyo wanawake huugua saratani hii karibu mara tatu ya wanaume, tofauti ambayo kilo peke yake haziielezi. Unene una sehemu yake, na sehemu hiyo ni ndogo.

Mwaka 2017 jopo huru la wataalamu wa Marekani linalopima faida za uchunguzi wa afya lilipendekeza watu wazima wasio na dalili wasipimwe saratani ya thairoidi kabisa. Mwenye uvimbe shingoni unaokua, sauti iliyokwaruza isiyopona, au shida ya kumeza, huyo aende hospitali leo. Asiye na dalili akipewa kipimo cha shingo kama nyongeza ya bei nafuu, awe mnene au mwembamba, akatae.