Banteay Chhmar: Kuta zilizochongwa vita, zikaporwa

KASKAZINI magharibi mwa Kambodia, karibu na mpaka wa Thailand, lipo hekalu la mawe liitwalo Banteay Chhmar. Lilijengwa na Mfalme Jayavarman VII, aliyeanza kuitawala milki ya Wakhmer mwaka wa 1181. Ndiye pia aliyejenga Bayon, hekalu mashuhuri lenye minara ya nyuso za mawe. Watalii wengi huishia Angkor na kurejea makwao bila kufika huku, nao hukosa mengi.

Utajiri wa hekalu hili umo katika ukuta wa nje, ambao mafundi waliuchonga kana kwamba ni kitabu cha historia. Upande mmoja majeshi ya Wakhmer yanapambana na Wacham, taifa lililoishi katika eneo ambalo sasa ni Vietnam ya kati. Si vigumu kuwatofautisha: Mcham huvaa kofia inayofanana na ua lililofunuliwa, ilhali askari wa Kikhmer ana kichwa wazi na nywele fupi. Ndovu wa vita wanasonga mbele na wapiga makasia wamejipanga safu kwa safu katika mashua ndefu. Uhasama huo ulikuwa wa kweli, kwani Wacham waliivamia Angkor mwaka wa 1177.

Upande wa magharibi una michongo ya aina nyingine. Huko zilichongwa sanamu nane za Lokesvara, mwenye huruma katika imani ya Kibuddha, zikiwa na mikono mingi iliyotandazwa mithili ya miale ya jua. Watangulizi wengi wa Jayavarman waliabudu Shiva au Vishnu. Yeye alifuata Ubuddha.

Mafundi hao hawakuchonga kwanza kisha wakajenga. Matofali ya mawe ya mchanga yalipangwa bila saruji wala chokaa, yakasuguliwa hadi yakashikana barabara, ndipo patasi ikaanza kazi. Kwa hiyo mchongo mmoja hupita juu ya mawe kadhaa. Bega liko huku, kiwiko kule. Mbinu hiyo iliyowapa wachongaji uhuru ndiyo iliyowarahisishia kazi wezi karne nane baadaye, maana jiwe lisilofungwa kwa chokaa hung'oka.

Mwishoni mwa mwaka wa 1998, Kambodia ikiwa ndiyo kwanza inatoka katika miongo ya vita, waporaji waliubomoa ukuta wa magharibi kwa urefu wa takriban mita 12 na kuondoka na sanamu nne za Lokesvara. Taarifa za wakati huo ziliwataja kuwa wanajeshi. Januari 1999, polisi wa Thailand walilinasa lori likiwa na vipande 117 vya mawe, ambavyo vilirejeshwa Kambodia mwaka wa 2000.

Mwaka wa 2008 shirika la Global Heritage Fund lilianza kazi ya kulihifadhi hekalu, likiwatumia mafundi Wakambodia kuyatambua na kuyapanga upya mawe yaliyoanguka. Ni kazi ya subira, kwani kila jiwe lina mahali pamoja tu panapolifaa.

Katika Makavazi ya Kitaifa jijini Phnom Penh, Lokesvara wawili kati ya wale wanne waliunganishwa upya kutokana na mawe yaliyonaswa. Wawili waliosalia hawakuwamo katika lori lile.